Mashine ya Kibingo na Miti ya Nyumbani

Swali lililoninyima usingizi halikuwa kama ile mashine inafanya kazi. Niliiona kwa macho yangu ikifanya kazi. Ilipasua ubao mrefu wa paina huku mimi nikiwa bado natafuta pa kuweka mikono yangu. Kilichonikesha ni kwamba mzee aliyekuwa akiiuza hakusimama nyuma ya ule ubao hata kidogo. Alisimama ubavuni, mwili wote ameukwepesha, mkono mmoja tu ameunyoosha, kama mtu anayemlisha mbwa ambaye keshawahi kumng'ata.

Nyumbani kwetu Kiruruma wananijua kwa kuwaza. Mjomba wangu, mdogo wake mama, ananiita Mwalimu wa Wasiwasi. Nilisomea ualimu na ajira haijatoka, lakini wasiwasi, anasema, niliupata bila kuomba. "Huyu," huwaambia wageni, "ukimpa ndizi iliyoiva anauliza mgomba wake ulikuwa unaumwa nini." Watu hucheka, na mimi hucheka nao, kwa sababu ni kweli.

Useremala niliuingia kwa kusubiri. Nilitoka chuo nikarudi nyumbani, nikawa napita kila mara mbele ya karakana moja pale Omurushaka nikienda kuuliza habari za ajira, mpaka siku moja nikasimama. Fundi akanipa kipande cha msasa. Nilisugua miguu ya viti mpaka vidole vikapoteza ngozi, nikapenda. Ubao hauna maoni. Ukikosea unaona pale pale ulipokosea. Kwa mtu kama mimi hiyo ni mapumziko makubwa. Baadaye nikajitengenezea kibanda changu nyuma ya jiko la mama, nikaanza na vigoda, nikafika kwenye vitanda.

Kitanda kimoja ndicho kilicholeta maneno. Mwenye nyumba ya wageni pale Omurushaka alikiona kwa jirani yetu, akaja mpaka kwangu, akapitisha kiganja kwenye ubao wa kichwani, akasema anataka vya aina hiyo kwa vyumba vyake vyote, na anavitaka kabla wanunuzi wa kahawa hawajaanza kuja na kujaza vyumba. Kwa randa ya mkono nisingeweza. Hilo halikuhitaji kuwaza.

Mjomba ndiye aliyesikia kwamba kuna mashine inauzwa Kibingo, upande wa Kyerwa. Meza moja ya chuma, msumeno wa mviringo upande huu, randa upande ule, vyote vinazungushwa na injini ya dizeli iliyowahi kuendesha mashine ya kusaga mahindi. Mpango wote alikuwa nao kichwani kabla sijauliza lolote. Mimi nitapima na kuunga, yeye atasukuma mbao. "Wewe vidole vyako vya kushikia chaki," alisema. "Acha mimi nisukume." Mbao nazo tusingezinunua kwa mtu. Tuna mihumula katikati ya migomba na kahawa, ile miti mirefu ya kivuli ambayo babu aliipanda, na mmoja ulikuwa tayari umeangushwa na upepo, magogo yake yamelala nyuma ya zizi.

Mjomba hakuwahi kuoa. Ndiye aliyenibeba mabegani kunipeleka darasa la kwanza, na mama alipofiwa na mumewe, ndiye aliyehamia kwetu na jembe lake na redio yake na mizaha yake. Nilipowaza ile mashine, sikuwa nawaza mikono yangu.

Siku tuliyokwenda kuitazama, ukungu ulikuwa umelala bondeni na haukuondoka. Mzee alitupokea vizuri. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba ndefu, akatuuliza habari za Kiruruma, mvua, kahawa, mnyauko wa migomba. Mkewe alituletea akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo. Barazani alikuwapo mwanamume wa makamo anachambua maharage kwenye ungo, amekaa upande, uso ameuelekeza ukutani. Mzee alisema ni mkwewe. Yule mwanamume aliitikia salamu yetu bila kugeuka. Nilidhani ni mtu wa haya.

Banda la mashine lilikuwa la mabati pande zote. Mzee alipoiwasha, injini ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha mkanda ukashika na banda zima likaanza kutetemeka. Mjomba alitabasamu kama mtoto aliyeletewa ng'ombe. Mzee akachagua ubao. Hapo ndipo nilipoanza kumtazama. Alikuwa na mbao kadhaa zimeegemea ukuta, na alizipita kadhaa kabla ya kuchukua ule wa paina. Aliupapasa upande mmoja, akaugeuza, akaupapasa upande wa pili polepole, mpaka mwisho. Kisha akasimama ubavuni, akausukuma.

"Pasua na huu basi tuone nguvu yake," mjomba alipiga kelele kushinda injini. Alikuwa ameshika kipande kinene cha muhumula kutoka kwenye kona.

Mzee alitikisa kichwa. "Huo bado mbichi."

Kipande kile kilikuwa kikavu hata kimepasuka nyufa mwisho wake, na buibui alikuwa amekijengea nyumba. Mjomba alikirudisha kwenye kona bila kuuliza. Mimi nilibaki nakitazama. Nilipogeuka, nikaona mwanga kwenye ukuta wa bati, mahali ambapo msukumaji angekuwa ameelekezea mgongo. Tundu dogo, kama punje ya kahawa, usawa wa kichwa cha mtu.

"Mvua ya mawe?" mjomba aliuliza, akicheka, baada ya kuona ninapotazama.

"Mabati ya siku hizi," mzee alijibu, akazima injini.

Nilipitisha kidole pale. Kingo za tundu zilikuwa zimegeukia nje. Mvua ya mawe haitokei ndani ya nyumba.

 Njiani, nimekaa katikati ya mjomba na mwendesha bodaboda, niliyaweka yote sawasawa kichwani: ubao uliopapaswa, muhumula uliokataliwa, tundu, mahali aliposimama mzee. Mjomba alikuwa akiimba. Tulipofika alimwambia mama kwamba mambo yamekwisha, tumekubaliana, kahawa imetafunwa.

"Hatujakubaliana," nilisema.

"Ulitafuna au hukutafuna?"

"Nilitafuna kwa sababu nilikuwa mgeni."

"Basi mgeni, utamwambiaje mzee wa watu? Kesho mkikutana msibani utamsalimia kwa mdomo upi?"

Usiku ule ndio niliokesha. Kulipokucha, mama alikuwa anaanika nguo. Waya wa kuanikia umefungwa kwenye mihumula miwili, kutoka msumari hadi msumari. Nimeanika nguo kwenye ule waya maisha yangu yote. Nilisogea nikatazama msumari wenyewe. Gome lilikuwa limevimba kuuzunguka, kama mdomo unaofunga polepole, na kichwa cha msumari kilikuwa kimebaki kama jicho la panya. Chini yake kidogo palikuwa na uvimbe mwingine, mkavu, hauna kitu. Niliugusa. Nikauona mwingine juu yake.

"Mama, hapa palikuwa na nini?"

Alikuja akiwa na shati la mjomba linachuruzika. "Hapo? Hapo palikuwa pa kamba ya mbuzi. Na hapo juu picha za kampeni, kila uchaguzi wanapigilia yao. Na hapo nilikuwa natundika matawi ya Jumapili ya Matawi, baba yako alipenda yaonekane kutoka njiani."

"Mlivitoa?"

"Nini?"

"Misumari."

Alinitazama kama nimemuuliza kama huwa anamtoa samaki miiba akiwa bado mtoni. "Mti si unakula? Mti haukatai msumari, unameza." Akaanika shati, akaenda.

Ndivyo tunavyoishi na miti yetu, na sijawahi kusikia mtu akilisema kama kosa. Mti wa nyumbani ni ukuta wa nje. Unapigiliwa kibao cha njia ya kwenda kanisani, kulabu ya kutundikia jembe, waya wa kuzuia kuku, kengele ya kikundi. Kisha mwenye kupigilia anasahau, gome linafunga, na mti unaendelea kunenepa na siri zake. Siku ya kuukata, kila mtu anaona mbao.

Nilichukua shoka na kabari, nikaenda nyuma ya zizi kwenye lile gogo lililoangushwa na upepo. Mjomba alikuja kuangalia kelele, kikombe cha chai mkononi.

"Mwalimu, somo gani hili?"

Niligonga kabari. Gogo lilipasuka kwa shida, likafunguka. Ndani mti ulikuwa wa rangi ya asali, mzuri, ila palikuwa na mstari mweusi kama wino uliomwagika, na mwisho wa mstari, mbali kabisa na gome, msumari mzima umelala. Nikapasua kipande kingine. Hapo palikuwa na miwili, na kipande cha waya kimejikunja.

Mjomba aliinama akautoa mmoja kwa kucha, akaufuta kwenye suruali. "Huu bado unafaa," alisema.

"Mjomba, msumeno wa mashine ukikutana na huu?"

"Unaukata."

"Na usipoukata?"

"Mwanangu, watu wanapasua mbao dunia nzima. Nitavaa miwani ya jua. Nitaonekana kama waziri." Akacheka. Kisha alipoona sicheki, akaweka kikombe juu ya gogo. "Unajua nilichokiona mimi pale Kibingo? Niliona unasimama kwa miguu yako. Nimechoka kukuona unakwenda Omurushaka kuuliza ajira na unarudi na mchicha. Mimi nimeshazeeka, nikikatika kidole, kuna hasara gani?"

Alilisema kwa mzaha, lakini hakuwa anatania, na maneno hayo ndiyo yaliyonitisha kuliko tundu. Alikuwa amekwisha kujitoa bila mtu kumwomba.

Nilijaribu njia za katikati. Nilifikiri tununue mashine halafu tutumie paina tu, za kununua. Nikamwona mjomba, mbao zimeisha, mwenye nyumba ya wageni anapiga simu, na mihumula ya bure imesimama pale uani. Nilifikiri niwe nasukuma mimi. Nikamwona ananiondoa kwa kiwiko, "toka huko, vidole vya chaki." Nilifikiri kupapasa kila ubao kama mzee. Lakini msumari niliouona ndani ya gogo haukuwa na dalili yoyote nje. Ungepapasa mpaka kiganja kiote manyoya. Kila njia niliyoifikiria ilianza vizuri na kuishia na mjomba amesimama nyuma ya ubao, miwani ya jua usoni, anaimba.

Hata hivyo sikuwa na hakika. Mtu mwenye wasiwasi hajui lini wasiwasi wake unaona na lini unaota. Huenda tundu lilitobolewa na mtoto kwa msumari na nyundo. Huenda mzee alisimama ubavuni kwa sababu ya mgongo. Mjomba aliazima pikapu ya rafiki yake, akaweka kamba nyuma, na siku ya kwenda kuichukua mashine niliingia garini. Nilijiambia nitauliza swali moja tu, na jibu ndilo litakaloamua.

Ukungu ulikuwa pale pale bondeni, kama haukuwahi kuondoka. Mkwe alikuwa barazani, safari hii na kahawa kavu kwenye ungo, uso ukutani. Bibi, mke wa mzee, akaleta akamwani. Mjomba akachota. Mimi nilishika punje zangu kiganjani.

"Baba," nilimwambia mzee, "nikuulize. Mlipokuwa mnaitumia hii mashine, nani alikuwa anasukuma mbao?"

Mzee alitafuna. Mjomba aliacha kutafuna. Kuku alipita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza.

"Tulikuwa tunapokezana," mzee alisema.

"Hapana," alisema bibi. Alikuwa bado amesimama na kikapu. "Mwambie."

"Hakuna aliyeuliza."

"Sasa ameuliza."

Mzee alitazama miguu yake. Aliyejibu ni mkwe. Aliweka ungo chini, akageuka, na ndipo nilipouona uso wake wote. Upande niliokuwa sijauona, jicho halikuwapo. Kope lilikuwa limelala ndani, limetulia, kama mtu aliyesinzia upande mmoja tu.

"Nilikuwa nasukuma mimi," alisema. Hakuwa na hasira. "Muhumula wa hapa hapa nyumbani. Tulikuwa tumepasua karibu wote. Nilisikia kitu kama risasi. Kipande kimoja kilipita ukutani, kimoja kikaingia kwangu. Jino la msumeno. Lilivunjikia kwenye msumari."

"Nani alijua msumari uko wapi," mzee alisema haraka. "Mti wa zamani. Watu wengi wamepita hapa."

"Ulikuwa wangu," bibi alisema.

"Nilikwambia usiseme hivyo."

"Ulikuwa wangu. Niliupigilia nilipoolewa, nitundike redio nisikie nikipalilia. Wala si siri. Yeye mwenyewe anajua." Alimwonyesha mkwewe kwa kidevu. Mkwe alikuwa ameshauchukua tena ungo.

Ndipo nilipoelewa ukimya wa mzee. Nilikuwa nimemdhania mlaghai siku zote zile. Alikuwa anaficha msumari wa mkewe.

"Miti yenu," mkwe aliniuliza, akipepeta, "iko porini au nyumbani?"

"Nyumbani."

"Aa," alisema tu.

Mjomba alikohoa. Nilijua sauti ile, ilikuwa ya kutafuta mzaha. Akaupata. "Basi mzee, utuuzie na ile sehemu ya kusimama." Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe sauti ilimwishia njiani. Akaanza kufungua kamba, maana mikono yake haijui kukaa bure. "Tutakuwa waangalifu," alisema. "Ajali ni ajali. Sasa tunajua, si ndiyo? Anayejua haumizwi."

Nilimtazama anakunjua kamba. Bibi alikuwa anajua, aliupigilia mwenyewe. Walijua wote kwamba mti wa nyumbani humeza misumari. Na bado kuna uso umekaa barazani umeelekea ukutani.

Nilirudisha punje za kahawa kwenye kikapu cha bibi. Kwetu hilo si jambo dogo, ni kuvunja makubaliano, na punje moja ilianguka chini. "Nisamehe, mama," nilimwambia. "Baba, nisamehe. Sitaichukua."

"Nani amesema?" mjomba aliuliza.

"Mimi. Vitanda ni vyangu, karakana ni yangu."

"Unaniaibisha mbele ya watu! Nimeazima gari la mtu! Kwa ajili ya msumari?"

"Ndiyo."

Alinikodolea macho, yote mawili, mekundu kwa hasira na vumbi la barabarani. Nilimwacha anikodolee. Kwa mara ya kwanza tangu tuione ile mashine, sikuwa na swali lolote kichwani.

Mzee hakukasirika. Alisema kuna vijana wa upande wa pili wa bonde waliokuwa wanaiulizia, watakuja baadaye. Nilimwomba awaambie. Alisema watakapouliza atawaambia. "Hawatauliza," nilisema. Bibi alisema, "Mimi nitawaambia," na sijui mpaka leo kama aliwaambia, ila mashine haipo tena Kibingo, na siku upepo ukivuma kutoka upande ule huwa nasikia injini, ama nadhani nasikia.

Tulirudi na pikapu tupu. Kamba ilikuwa inapigapiga bodi nyuma yetu kila penye shimo. Mjomba hakuimba. Tulipofika Omurushaka nilimwomba asimame mbele ya nyumba ya wageni, akasimama bila kunitazama. Mwenyewe alikuwa nje anasimamia watu wanaopaka chokaa.

"Mwalimu! Vitanda vyangu viko wapi?"

Nilimwambia sina mashine na sitakuwa nayo, natumia mikono, na kwa mikono, kabla wanunuzi wa kahawa hawajaja, nitaweza viwili. Kwa mbao za kununua. Vilivyobaki ampe mtu mwingine.

"Viwili?" Aliangalia madirisha ya vyumba vyake, akaangalia gari tupu, akamwangalia mjomba aliyekuwa ameshikilia usukani kana kwamba gari linaenda. "Yaani safari yote hii mmetoka na viwili?"

"Ndiyo."

"Haya. Viwili." Akamgeukia mmoja wa wapaka chokaa, akaanza kumgombeza kuhusu dirisha.

Mlango wa pili kulikuwa na duka la mbao. Nilichagua mbao zangu pale, za paina, moja baada ya nyingine, nikaanza kuzipakia nyuma. Baada ya kitambo mlango wa dereva ulifunguka. Mjomba akaja, akashika upande wa pili wa ubao.